Sukari Iliyokuja na Mimba

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mkubwa, mzuri, na alikuwa amekwisha kufa. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaponisikiliza nikieleza mambo ya sukari huwa wanangoja nilifikie, na mimi sipendi kumngojesha mtu.

Sisi ni Wahindi wa hapa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Babu yangu alitoka Kachi, India, akaingia Kigoma na kufungua duka la nguo. Baba yangu alivuka ziwa akiwa kijana, akafungua lake huku, karibu na bandari. Mimi nimezaliwa hapa. Nyumbani tulisema Kikachi tukakichanganya na Kiswahili, shuleni Kifaransa cha masista, na barabarani Kiswahili cha hapa, kile ambacho jamaa zetu wa Kigoma hukicheka kwa sababu tunasema muntu na mutoto. Niliolewa na kijana wa watu wetu mwenye duka la mabeseni, ndoo na mabati, nikahamia kwao. Nyumba iko juu ya duka. Jiko lilikuwa la mama yake, mjane, na lilikuwa lake kwelikweli.

Nilikuwa mwembamba. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye kila mtu aliniuliza.

Mimba ilipojulikana, mama mkwe alifurahi kuliko mimi na mume wangu tukiwekwa pamoja. Asubuhi aliniletea maziwa ya moto yenye sukari na lozi zilizotwangwa. Saa nne zilikuja ladu, zile tufe za unga wa dengu alizozikanda kwa samli na sukari guru. Mchana wali, jioni chapati, na katikati chai tamu ya maziwa. Akanikataza pia kushuka dukani.

"Mimba ya kwanza haichezewi kwenye ngazi," aliniambia. "Kula, mwanangu. Mnakula wawili."

Nikala, nikakaa kwenye kiti karibu na dirisha la juu nikitazama ziwa. Mwezi wa sita nikaanza kiu. Nilikuwa namaliza jagi la maji na kulijaza tena, na chooni nilikwenda mpaka nikaona haya mbele ya mume wangu. Mama mkwe alisema ni joto. Mume wangu alisema ni mimba. Mimi nilidhani wote wawili wanasema kweli.

Maternite, hospitali ya wazazi, walinipima uzito, wakanipima presha, wakachukua damu ya malaria. Muzalishaji, yule mwanamke anayepokea watoto pale, alipitisha kamba ya kupimia juu ya tumbo langu, akacheka.

"Mama, huyu njo mwanaume. Tena mukubwa kama papa yake!"

Sukari haikupimwa. Sisemi hivyo kulaumu. Vikaratasi vya kupimia havikuwepo, na kwenye benchi nilikaa katikati ya wanawake wenye homa kali, mmoja akitetemeka mpaka benchi lote likatetemeka. Mimi nilikuwa na kiu tu. Mama yangu mzazi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na bibi yangu wa Kigoma alikatwa kidole cha mguu kwa ajili yake, lakini sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza na kwetu sukari ilikuwa kitu cha wazee, kama miwani.

Asubuhi moja, siku za kuzaa zikiwa karibu, mtoto hakucheza. Mama mkwe akanipa maji yenye sukari nyingi, maana watu husema kitu kitamu humwamsha. Nikayanywa. Nikalala ubavu wa kushoto nikangoja. Nikayanywa tena.

Mume wangu akanipeleka kwa gari. Muzalishaji yuleyule akaweka kifaa chake cha kusikilizia kwenye tumbo, akakihamisha, akakihamisha tena, akamwita mwenzake. Nakumbuka kandambili yake ilikuwa imeshonwa kwa waya mwekundu. Nilikuwa nautazama ule waya alipoingia daktari na mashine ya picha.

"Mama," daktari akasema, "moyo ya mutoto haipige tena."

Mimi nikajibu, "Asante, Dokta."

Kuzaa kulikuwa kugumu kwa sababu ya mabega yake. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Alikuwa na nywele nyingi na mashavu ya mtoto wa miezi mitatu, na muzalishaji, ambaye sasa hakucheka, alimfunga kwenye kitenge changu. Mume wangu na wanaume wa msikitini wakaenda kumzika mchana huohuo. Mimi nilikuwa kitandani, na mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ananyonyesha, na nilimtazama bila wivu wala uchungu. Nilingoja kitu kije. Hakikuja.

Kabla sijaruhusiwa kutoka, daktari alirudi na kimashini kidogo mkononi. Alikuwa kijana wa Lubumbashi, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Akanichoma ncha ya kidole, akaweka tone la damu kwenye kikaratasi, akasoma, akavuta kiti.

"Mama, kwenu kuko muntu wa sukari?"

"Mama yangu. Na bibi yangu."

"Kuko sukari yenye kukuya na mimba," akasema. "Mimba inaleta vitu vyenye kuzuia mwili usitumie sukari vizuri. Kwa wanawake wengi mwili unashinda. Kwa wengine unashindwa. Hapo sukari inajaa mu damu, inapita kwa mutoto, mutoto ananona kupita kipimo. Na mara ingine, mwishoni, anachoka."

"Mimi si mnene, Dokta."

"Haiangalie unene. Wanawake wenye asili ya kule kwenu, India, Pakistan, Bangladesh, inawakamata mbiyo kuliko wengine, hata wembamba. Na wewe uko na mama wa sukari. Ilifaa tukupime toka mwanzo." Kisha akarudia, kama mtu anayejisomea mwenyewe: "Toka mwanzo."

Akaniambia kwamba mara nyingi sukari hii hushuka baada ya kuzaa, lakini nirudi kupimwa baada ya wiki chache, na kwamba nikitaka mtoto mwingine nimwone kabla ya mimba, nisingoje mpaka tumbo lionekane. Nikaitikia kila neno. Mume wangu aliniuliza garini amesema nini, nikamweleza yote kwa mpangilio, kama vile nilikuwa naeleza njia ya kwenda mahali.

Nyumbani wanawake walikuja kukaa nasi kwenye mikeka. Mama mkwe alilia kwa sauti. Mimi niliwapikia chai mpaka mmoja akanyanyuka, akaninyang'anya birika kwa upole.

Miezi iliyofuata nilishuka dukani kuuza mabeseni. Hakuna aliyenikataza ngazi tena. Wateja walikuja na watoto mgongoni, nikawachagulia beseni la kuogeshea, nikawashauri lile pana. "Mama, uko nguvu," waliniambia, na mume wangu aliamini hivyo pia. Lakini haikuwa nguvu. Ilikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mwili mzima. Msimu ule ziwa lilipanda likaingia kwenye maduka ya chini ya barabara, na sisi tulibeba mali yetu kuipeleka juu. Watu walilia bidhaa zao zikielea. Mimi nilibeba ndoo zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na nilifurahia tu kwamba mikono ina kazi.

Nilirudi kupimwa kama nilivyoagizwa. Sukari ilikuwa imeshuka. Daktari alisema ni vizuri, lakini inaweza kurudi na mimba nyingine, na hata bila mimba, miaka ikienda. Akataka nitembee kila siku baada ya chakula, nipunguze wali na chapati, niache chai ya sukari, niongeze dengu, mboga na samaki. "Anza sasa," akasema. "Mimba ikikuta mwili umezoea, kazi inakuwa kidogo."

Aliyenisaidia kutembea ni jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mfanyakazi wa reli. Ukoo wake ni wa kando ya ziwa tangu zamani, wavuvi na wakulima. Alikuja jioni moja, akasimama chini ya ngazi akaita:

"Mama! Vaa viatu, tuende kutembea. Miye nimekaa mu darasa toka asubuhi."

Hakuwahi kuniuliza habari ya mtoto. Alizungumza yeye: wanafunzi wake, kwaya ya kanisani, shangazi yake wa Ankoro aliyeanguka na mtumbwi akatoka majini bado ameshika kuku. Tulipanda mlimani jua likiwa bado lipo, tukashuka. Mama mkwe hakupenda.

"Watu watasema hatuna gari," alilalamika.

Mimba ya pili ilipokuja niliipokea kama habari ya redio. Kesho yake nilikwenda kwa daktari. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ilikuwa kwenye mpaka, akasema tusingoje. Mume wangu aliagiza kimashini cha kupimia kutoka Kigoma, kikaja na meli ndani ya sanduku la sabuni. Nikaanza kujichoma kidole nikiamka, na tena baada ya chakula. Sikusikia maumivu. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwa ganzi.

Vita ilikuwa jikoni. Mama mkwe alikaanga unga wa dengu kwa samli, nyumba nzima ikanukia, akaniwekea sahani.

"Mama, daktari amekataza."

"Daktari wa hapa anajua nini chakula chetu? Mimi nimezaa bila mashine."

"Najua, Mama."

"Mtoto atatoka mdogo kama panya."

Sikubishana. Niliisukuma sahani polepole mpaka ukingoni mwa meza, naye akairudisha. Siku nyingi zilipita hivyo. Mume wangu alikula ladu zote ili amani iwepo, akaongezeka tumbo.

Mchana mmoja nilikuwa mezani najipima. Mama mkwe alisimama nyuma yangu na taulo ya vyombo mkononi.

"Inauma?" akauliza.

"Kidogo tu."

Akakaa, akanyoosha kidole. Nadhani alitaka kunionyesha kwamba si kitu. Nilimfuta, nikamchoma, nikaweka tone. Namba ilipotokea nikadhani vidole vyake vilikuwa na sukari ya jikoni. Nikamwambia anawe mikono kwa sabuni. Akanawa. Nikarudia kwenye kidole kingine.

"Ni nzuri?" akauliza. Nikaisoma tena ile namba. "Sema basi."

"Iko juu, Mama. Juu sana. Yangu haijafika hapo hata siku mbaya."

Alitazama kile kimashini kama mtu anayetazama mlango uliofunguka wenyewe. Kisha akaanza kukunja taulo, akaikunja mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Kabla ya mume wako nilizaa wawili," akasema. "Tulikuwa Uvira wakati ule. Wote wavulana, wakubwa, watu walikuja kuwatazama. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili aliishi mpaka magharibi." Akaiweka taulo mezani. "Walisema ni jicho la watu. Nikafungwa hirizi, nikaambiwa nisile mbele za wageni."

"Mume wangu anajua?"

"Nani angemwambia? Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Ilinipasa kumshika mkono; sikumshika. Nilikuwa bado nimeshika kile kimashini, na nilikaa hivyohivyo, na yeye akakaa, mpaka muadhini akaadhini alasiri. Jioni nilimwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wawili?" Nikasema wawili. Akashuka kufunga duka, ingawa lilikuwa limeshafungwa.

Daktari alimwandikia mama mkwe vidonge. Kuanzia hapo jiko liligeuka, na yeye akaliendesha kana kwamba mawazo yote yalikuwa yake tangu mwanzo. Wali ukawa kidogo upande mmoja wa sahani. Upande mwingine akajaza dengu, mchicha tunaouita lengalenga, sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta mengi, na ndakala, dagaa wa hapa, za kukaanga kwa nyanya. Chapati akazichanganya na unga wa ulezi, zikawa nyeusi, akaniambia nisikunje uso. Chai alikunywa bila sukari, akafunga macho kila funda, halafu akanigombeza mimi. Ladu alizobakiza akawapa watoto wa madrasa. Tukawa tunatembea watatu: mwalimu mbele akizungumza, mimi katikati na tumbo langu, mama mkwe nyuma na shali yake, akituamuru tusimame kila tulipopita nyumba anayotaka kuichungulia.

Hata hivyo, mwezi wa saba sukari ya asubuhi ikapanda. Nilidhani nimekosea chakula. Daktari akasema hapana, mimba ikikua nguvu zake nazo zinakua, na wengine, hata wakifanya yote sawasawa, wanahitaji sindano ya insulini. Akanifundisha kujidunga pajani. Frigo yetu haikuaminika, umeme wa mtambo wa Bendera ukija na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo tuliweka dawa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kwenye chungu chenye maji ya baridi, kivulini. Mama mkwe alikilinda kile chungu kuliko dhahabu zake.

Daktari hakutaka tungoje mpaka mwisho kama mara ya kwanza. Siku chache kabla ya wakati alinilaza, akaanzisha uchungu kwa dawa. Kila baada ya muda mfupi walisikiliza moyo wa mtoto, na mimi nilisikiliza sauti ile, pu pu pu pu, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Sikuwa na hofu. Sikuwa na matumaini pia. Mchana akatoka msichana, akalia kabla hawajamfuta.

Wakamchoma kisigino kupima sukari yake. Ilikuwa chini. Muzalishaji akanieleza kwamba mtoto aliyezoea sukari ya mama hushuka sukari akikatwa kitovu, akamweka kifuani kwangu palepale. "Munyonyeshe, Mama, usingoje." Akanyonya. Wakamchoma tena baadaye, ikawa imepanda. Muzalishaji akakiambia chumba chote. Mume wangu alilia mlangoni, mama mkwe alilia kwenye shali. Mimi nilimtazama yule mtoto mdogo, mwekundu, wa uzito wa kawaida, nikafikiri: haya, umefika.

Mwalimu alipokuja kunitazama alileta supu ya samaki, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, haulie hata kidogo?"

"Machozi hayaji."

"Basi usiyasukume," akasema, akanimiminia supu.

Ningependa kuandika kwamba yalikuja siku fulani. Yalikuja vipandevipande. Mtoto alipokuwa na miezi michache nilikuwa namwogesha, sabuni ikamwingia jichoni, akanikasirikia kwa uso wa bibi yake kabisa, nami nikacheka, kisha nikaona siwezi kunyamaza, na kicheko kile si kicheko tena. Nilikaa chini pale kwenye sakafu yenye maji, nimemkumbatia. Baadaye nikainuka, nikamkausha. Kesho yake nilikuwa kama kawaida, sisikii kitu. Wiki nyingine ikaja tena. Mpaka leo ni hivyo, ila siku za kusikia zimeongezeka.

Kila mwaka napima sukari. Mwaka huu imepanda kidogo, bado si ugonjwa. Daktari mpya, mama wa makamo, amesema niendelee kutembea, na kwamba binti yangu pia ajue akikua, kwa kuwa kwetu sukari inafuata damu.

Mdogo wa mume wangu ameolewa Kigoma. Alipopata mimba nilimpigia simu kabla hata ya kumpongeza.

"Wifi, umepima sukari?"

"Nipime ya nini? Sina hata kilo sitini."

Nikamweleza. Sikuipamba habari. Nilipofika kwa watoto wawili wa Uvira, akaahidi kwenda kupimwa. Alikwenda, akanyweshwa maji ya sukari yanayotumika kupima, wakamkuta nayo, mapema, kiasi kidogo. Kwake chakula na kutembea vilitosha. Alizaa mwezi uliopita.

Alitutumia picha ya mtoto kwa simu, amelala juu ya shuka ya kijani, mikono juu. Nilimpa mama mkwe aitazame. Aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akauliza uzito, nikamwambia. Akatazama tena.

"Kumbe ndivyo wanavyotakiwa kuwa," akasema. "Wadogo hivi."

Alinirudishia simu akavuta ungo wa dengu, akaanza kuchagua mawe. Nikaketi upande wa pili wa ungo, tukachagua pamoja.